Kioo cha Mtoto wa Ramadhani

Nyie mmenizoea na koti langu la Jumapili na miwani yangu, mnaniita mzee wa kanisa, mnaniletea watoto wenu niwatazame macho hapa barazani kwangu Kinondoni, na mie nawapokea na kujifanya mtu mwenye akili zake timamu. Basi leo nawaambia jambo ambalo nimelifukia miaka ishirini na kitu, na naomba mtu asinikatize, maana nikisimama katikati sitaanza tena. Niliaibika, jamani. Niliaibika mbele ya mabenchi matatu ya wagonjwa, mbele ya daktari, mbele ya mke wangu, na kama ingekuwa aibu tupu ningeshaigeuza kichekesho zamani, ila kuna mtu aliyeumia kwa ajili yake, na mtu huyo si mie.

Wakati wa Mwingereza nilikuwa mpimaji kwenye kliniki ndogo ya macho kule Temeke. Kazi yangu ilikuwa hadubini. Dresa anafunua kope la mgonjwa, anakwangua kidogo kwa ndani au anachovya usaha kwa kijiti chenye pamba, anapaka kwenye kipande cha kioo, kisha mie nakipitisha kioo juu ya moto wa spiriti, nakimwagia rangi ya zambarau, naosha, namwagia nyekundu, naosha tena, halafu nakaa kwenye stuli yangu nachungulia. Daktari wetu (Mwingereza mrefu, mpole, Kiswahili chake kilikuwa cha kutoa amri tu, ila kila amri aliitia "tafadhali") alikuwa akichunguza magonjwa ya macho ya mitaa ile, vikope vinavyowapofusha watu wazima na usaha unaowapofusha vichanga, na habari za kila kioo kilichopita mkononi mwangu aliziandika kwenye daftari lake kubwa. Watu wakaniita Bwana Vioo. Na mie, Elisha, mtoto wa katekista kutoka Masasi niliyeingia mjini na sanduku la bati, jina lile likanipanda kichwani. Weee, mngeniona ninavyopita sokoni na koti jeupe siku isiyo ya kazi!

Ubaya wangu ulikuwa domo. Asubuhi, kabla Daktari hajaanza, nilikuwaga nasimama mbele ya mabenchi natoa hotuba, na hotuba niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya vichanga. Nilieleza kwamba mama akiwa na kisonono alichoambukizwa na mumewe, hata kama mwenyewe hajisikii chochote, wadudu wale humwingia mtoto machoni wakati wa kuzaliwa, na siku ya pili au ya tatu macho yanavimba na kutoa usaha, na ukichelewa hata siku moja jicho linaharibika. "Akina baba!" napaza sauti. "Msione haya! Haya haijawahi kutibu jicho! Mlete mtoto saa hiyohiyo, sema kweli, udungwe sindano, yaishe!" Wanaume wanatazama miguu yao, akina mama wanachekea ndani ya kanga, na mie nafurahi utadhani nimefunga bao.

Sasa sikilizeni. Mke wangu Agnesi alipokuwa na mimba changa alikwenda kwao Masasi kumzika mama yake, akakaa huko miezi miwili, na mie huku nyuma nikateleza. Sitasema zaidi, nyie watu wazima. Nikapata kisonono. Mie, Bwana Vioo! Kwenda kwa Daktari wangu ningeanzaje? Nilitafuta vidonge kichinichini, nikameza, maumivu yakakoma, nikajiambia nimepona, na Agnesi aliporudi nikampokea kama mume anavyompokea mkewe. Nilikuwa na hadubini mbele yangu siku sita kwa wiki, na sikujipima.

Neema akazaliwa nyumbani, mikononi mwa Bi Mwanaidi, mkunga wa mtaa wetu, mama wa Kizaramo mwenye sauti ya kumwita mtu aliyeko mtaa wa pili. Daktari alikuwa amewagawia wakunga wote vichupa vya dawa ya matone, ili kila mtoto akishatoka tu atiwe tone moja kila jicho. Cha Bi Mwanaidi kilikuwa kimekwisha. "Mwanangu, nenda kanijazie hiki," akaniambia, "si wewe ndiye mwenye kabati?" Kabati lenyewe lilikuwa hatua mbili kutoka kwenye stuli yangu. Nikamwambia kesho, mama. Kesho yake nyumba imejaa watu wa kunipongeza, chai na maandazi, nikajisahau kwa furaha (nasema furaha, lakini nikijichunguza vizuri naona palikuwa na jambo jingine, kwamba sikutaka hata kuwaza kwa nini mtoto wangu mie ahitaji dawa ile).

Siku ya tatu asubuhi Agnesi akaniita chumbani. "Baba, njoo umtazame, macho yamegandana."

Nikamwambia tongotongo tu hizo, watoto wengi wanazo, mwoshe kwa maji ya vuguvugu. Bi Mwanaidi alikuwa hapo anamwogesha mtoto, akanitazama asiseme neno, na kwa Bi Mwanaidi kutosema neno ni jambo kubwa. Nikachukua kijiti chenye pamba, nikafuta usaha, nikapaka kwenye kioo nilichokuwa nacho mfukoni, nikavifunga vyote kwenye leso, nikaondoka kwenda kazini.

Hapa ndipo kilipo kile kitu kidogo kilichozaa mengine yote. Kanuni ya chumba changu ilikuwa hivi: kioo hakiwekwi mezani bila jina kuandikwa kwenye daftari, na kila kioo kinatazamwa na watu wawili, mie kwanza, halafu Saidi, dresa wetu, mtu mwadilifu mpaka anakera. Nikashika kalamu. Ningeandika "mtoto wa Elisha", yangekwisha. Nikaandika "mtoto wa Ramadhani, Temeke". Niliwaza, Temeke ina akina Ramadhani wangapi, nani atajua ni yupi, kioo kikiwa safi nakitupa, na kisipokuwa safi... hapo wala sikufika kuwaza.

Nikaweka jicho. Walikuwepo, jamani. Wekundu, wawiliwawili, wameelekeana kama punje za kunde, wamejaa tele ndani ya chembe za usaha. Nilishawaona mara nyingi kwenye macho ya watoto wa watu, nikasema "haya, mwingine huyu" huku namenya chungwa. Siku ile nikanyoosha mkono nikichomoe kioo, na Saidi huyo begani kwangu.

"Hebu nami nione, Bwana Vioo." Akainama. "La haula! Wote hawa? Mtoto mwenyewe yuko wapi?"

"Hayupo. Mama mmoja ameacha kijiti cha usaha, akaondoka."

"Akaondoka! Na wewe ukamwacha?"

Akatoka mbio kumwita Daktari. Daktari akaja, akatazama kwa muda mrefu, akainua kichwa. "Huyu mtoto aletwe leo. Leo, tafadhali. Kesho hapana jicho." Kisha akaniuliza, "Baba nani?"

Naomba mnielewe nilivyokuwa nimesimama. Mbele yangu yuko mtu anayeweza kuyaokoa macho ya mwanangu, naweza kumgusa bega, sindano zinachemka kwenye sufuria, penisilini ipo, na ninachotakiwa ni kufungua mdomo huuhuu uliokuwa ukiwafokea akina baba kila asubuhi. Nikasema, "Ramadhani, bwana. Anakaa hapahapa Temeke."

Tarishi wa kliniki akapanda baiskeli kwenda kumtafuta Ramadhani. Mie nikaanza hila. Nikachota dawa ya matone kwenye kichupa, mchana nikakimbia nyumbani, nikamtia Neema tone mojamoja, na jioni tena. Najua, najua! Dawa ile ni ya kuzuia, haitibu jicho lililokwisha kushikwa, mtoto kama yule alitakiwa kuoshwa macho kila baada ya dakika chache na kudungwa sindano juu yake, na watu wengine mie mwenyewe ndiye niliyewafundisha hivyo.

"Baba, mbona tone limemwangukia shavuni?" Agnesi akaniuliza.

"Uchovu tu."

"Atapona?"

"Kesho utaona," nikamwambia. Naye akaamini, akalala, maana mumewe alikuwa mtu wa macho.

Sasa yule tarishi alifanya kazi yake vizuri kuliko nilivyotaka. Alizunguka mitaa akiuliza kwa sauti, mbele za watu, yuko wapi Ramadhani mwenye kichanga chenye kisonono cha macho, anatakiwa na Daktari. Akampata. Ramadhani fundi cherehani, mtu wa swala tano, mpole, mkewe amejifungua siku kumi nyuma. Na hamtaamini, alikuwa fundi wangu mwenyewe, suruali yangu ya kaki ilikuwa kwake anaipunguza kiuno, na nilipoandika jina lile hata sura yake haikunijia. Kabla ya magharibi mkewe alishafungasha, akamwachia kichanga mama yake mzazi, aliyekuwa amekuja kumwangalia, ili kipelekwe kwa Daktari asubuhi, akarudi kwao, mzazi ambaye hata arobaini haijatimia na hatakiwi kuvuka kizingiti. Alivuka kwa sababu ya kalamu yangu.

Asubuhi ya pili mabenchi yamejaa, nimesimama kwenye kibaraza cha kliniki na koti langu jeupe, anaingia Ramadhani na kichanga mikononi, mama mkwe wake nyuma. Hakupiga kelele. Ningependa apige.

"Shikamoo Daktari. Nimeitwa, nimekuja. Mwanangu huyu hapa. Naomba umtazame mbele ya watu, maana nimetangazwa mbele ya watu."

Daktari akafunua kope moja, akafunua la pili. Macho meupe pe, yanang'aa, mtoto anapepesa tu kwa mwanga. Akamfunika taratibu, akanigeukia. "Elisha. Kile kioo, nani alileta?"

Nikaanza kusema kitu, sikumbuki nini, nadhani nilikuwa natafuta Ramadhani mwingine wa kumtwisha, na hapo ndipo sauti ya Bi Mwanaidi ilipofika kutoka barabarani kabla ya Bi Mwanaidi mwenyewe. "Tupisheni! Tupisheni njia, mzazi wa siku nne huyu!" Nyuma yake Agnesi, kanga imemfunika kichwa, anatembea mwendo wa mtu aliyejifungua juzi, amembeba Neema.

Bi Mwanaidi hakunitazama. Alimwendea Daktari moja kwa moja. "Huyu mtoto macho yamevimba hayafunguki, na baba yake anamtia maji ya kwenye kichupa anasema kesho, kesho. Mie nimechoka na kesho zake. Jana alimfuta usaha kwa kijiti, akaufunga kwenye leso, akaja nao hapa. Mie nataka majibu ya ule usaha."

Saidi akalitazama daftari, akanitazama mie, akalitazama tena daftari, kisha akasoma taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza, "Mtoto wa Ramadhani." Mzee mmoja wa benchi la mbele akacheka, akidhani ni mzaha, akajikuta yuko peke yake, akanyamaza. Halafu mama mmoja wa vikope, ambaye nilimfokea wiki nzima kwa kukosa kuja na mumewe, akasema, "Haya haijawahi kutibu jicho, Bwana Vioo. Si ulituambia wewe?" Wala hakusema kwa kejeli. Alisema kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kitu ulichokisahau nyumbani.

Nikarudi nyuma, nikataka kuketi, nikakalia beseni la maji ya kuoshea macho. Likapinduka na mie juu yake. Nikabaki chini, koti jeupe limeloa mpaka mgongoni, pamba zilizotumika zimenigandia kwenye suruali, mabenchi matatu yananitazama. Siku nyingine wangecheka mpaka machozi. Hakuna aliyecheka, na nilitamani mno wacheke.

Daktari alimchukua Neema, akamlaza mezani, akafunua kope kwa vyuma vyake vidogo, usaha ukaruka mpaka kwenye shavu lake mwenyewe, hata hakujifuta. Aliosha, akatazama kwa taa, akaosha tena. Jicho la kushoto lilikuwa bado zima. La kulia lilikuwa limekwisha toboka. Bila kuinua kichwa akasema kwa Kiswahili chake kilekile, "Jana, macho mawili."

Agnesi alikuwa amesimama karibu. Akanitazama pale chini nilipokuwa. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaniinamia kidogo, nikadhani anataka kuniinua. Alikuwa anaokota kanga ya mtoto iliyoanguka kwenye maji.

Ramadhani naye hakuondoka mara moja. Alimpa mama mkwe wake kichanga (yule mama alikuwa ameshika pindo la kanzu ya mkwewe, hata sijui tangu saa ngapi) akaja akasimama juu yangu. "Kwa nini jina langu?"

"Nilifikiri... ni jina la watu wengi."

"Mie si watu wengi, bwana Elisha," akasema. "Mie ni mmoja."

Mkewe alirudi siku ileile, namshukuru Mungu kwa hilo. Ile suruali sikuifuata mpaka leo.

Tulidungwa sindano sote, mie na Agnesi, siku moja, chumba kimoja, hatutazamani. Neema akaoshwa macho usiku na mchana, jicho la kushoto likapona vizuri, la kulia likabaki na chamba, jeupe kama mnavyoliona. Daktari hakunifukuza. Alinihamishia Kinondoni kufunga vidonda, mbali na hadubini, na mie mwenyewe sikuomba kuirudia. Agnesi alibaki nami. Arobaini yote alisema nami kwa kupitia mtoto: "Neema, mwambie baba yako chakula kipo." Kitoto cha wiki mbili! Nami najibu, "Neema, mwambie mama asante." Kuna siku alitaka kucheka, nikaona kabisa mdomo unacheza, kisha akalitazama lile jicho, kicheko kikafa.

Neema alipoanza kuuliza, nikamwambia ni surua. Agnesi alinisikia, akaningoja mtoto atoke nje. "Mie sitamwambia kwa niaba yako," akasema. "Lakini utamwambia. Siku utakayoweza." Hakunikumbusha tena. Miaka yote ile, Neema akichekwa shuleni, Neema akigeuza kichwa kizima ili aone gari linalotoka kulia, Neema akikataliwa na familia ya mchumba wa kwanza, Agnesi ananitazama tu halafu anaendelea na kazi yake. Mwaka juzi tumemzika, na siku ile sikuwahi kuifikia.

Wiki iliyopita, kama mlivyosikia, Neema amejifungua. Nilikwenda kumwona. Mtoto mzuri, macho maangavu, anatazama dari kama mwenye kuikagua. Neema akanigeuzia kichwa chote, kama kawaida yake, ili anione kwa lile la kushoto. "Baba, wewe mtu wa macho. Alipozaliwa tu, nesi alimtia matone. Ni ya nini?"

"Ya kuzuia usaha wa macho."

"Na mie nilitiwa?"

Jamani. Nina mvi kichwa kizima, nasoma Injili mbele ya watu, na nilimtazama mwanangu nikamwambia, "Siku zile dawa hiyo haikuwepo."

Ilikuwepo. Ilikuwa kabatini, hatua mbili kutoka kwenye stuli yangu, na mama wa watu aliniomba niende kumjazia kichupa. Tangu niliposema vile silali vizuri, na nimeapa kwamba jambo langu sitaliandika tena kwa jina la mtu mwingine, wala la Ramadhani, wala la surua, wala la dawa isiyokuwepo.

Jumapili anakuja na mtoto baada ya ibada. Nitakaa kushoto kwake, upande anaoonea, asihangaike kugeuza shingo. Nimewaambia nyie kwanza ili ulimi uzoee, maana nitaanzia kwenye kile kioo, na safari hii nitakisoma kama kilivyotakiwa kuandikwa: mtoto wa Elisha.